Kanivali ya blogu: jinsi ya kupata wasomaji wanaorudi na watu wa kuandika nao

Kama una blogu ya Kiswahili hii unaijua. Umekaa siku tatu unaandika, picha umepiga mwenyewe, usiku umeposti, linki umeiweka kwenye statasi na kwenye magrupu manne ya WhatsApp, asubuhi unafungua unakuta wamepita watu arobaini na nusu yao ni ndugu zako na wale mliosoma nao, wiki ijayo wanabaki kumi. Hamna aliyesema kitu. Mi niliandika mapishi ya kwetu Tanga kwa hali hiyo karibu miaka miwili, na kilichonitoa pale haikuwa kulipia tangazo wala kuposti kila siku, ilikuwa kanivali.

Sizungumzii yale maandamano ya ngoma na mavazi ya Mombasa. Kanivali ya blogu iko hivi: mabloga kadhaa wanakuwa na mada moja ya mwezi, kila mtu anaandika kwenye blogu yake mwenyewe, anamtumia linki mwenyeji wa mwezi huo, mwenyeji anasoma zote afu anaandika posti moja ndefu inayomtambulisha kila mwandishi na kuwapeleka watu kwake. Hiyo posti ndo inaitwa toleo. Mwezi unaofuata mwenyeji ni mwingine. Mtu aliyewahi kucheza upatu anaelewa mara moja, kila mmoja anatoa chake kila mwezi na kila mwezi kuna mmoja wa kupokea, ila hapa kinachozunguka ni wasomaji, na msomaji wako ukimpeleka kwa mwenzako bado ni wako.

Jina limetoka kwa mabloga wa Marekani. Ya kwanza kuitwa hivyo ilikuwa Carnival of the Vanities mwaka 2002. Mwaka 2004 daktari mmoja, Nicholas Genes, akaanzisha Grand Rounds, ya mambo ya tiba, kila Jumanne ilikuwa inahamia blogu nyingine, leo kwa daktari, wiki ijayo kwa nesi, na wagonjwa nao walikuwa wanaandika, yaani watu ambao wodini hawakai meza moja. Carnival of Mathematics ilianza 2007 na haijafa. T-SQL Tuesday, ya watu wa database, ilianzishwa na Adam Machanic mwishoni mwa 2009 na inakwenda mpaka sasa. Mwaka 2023 ikaja IndieWeb Carnival, ya watu wenye wavuti zao binafsi, kila mwezi mwenyeji mpya na mada mpya. Nyingine nyingi zilikufa. Facebook na Twitter zilibeba watu, hilo ni kweli, lakini kingine kilichoziua ni matoleo yaliyogeuka orodha ya linki tupu, watu wanatupia posti ileile kwenye kanivali kumi na mwenyeji anabandika bila kusoma. Likumbuke hili la kubandika, nitalirudia kwa sababu na mimi nililifanya.

Na sisi kujibizana kwa maandishi hatujafundishwa na intaneti. Kamange na Sarahani wa Pemba walirushiana mashairi enzi hizo, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa na nafasi ya washairi, na mpaka magazeti ya juzijuzi mtu wa Tanga anatoa swali kwa shairi na mtu asiyemjua kabisa wa mji mwingine anamjibu kwa vina vilevile. Kwa hiyo ukimwambia mwandishi wa Kiswahili "tuandike mada moja tujibizane" humpi kitu kigeni.

Kuingia kwenye kanivali ya wengine

Usianze na uenyeji. Ingia kwanza kwenye iliyopo mara mbili tatu uone inavyokwenda, na ukikosa ya Kiswahili kwenye mambo yako utaanzisha, nitafika huko. Kabla ya kutuma chochote soma matoleo matatu yaliyopita na uingie kwenye linki zake kweli. Utawajua wanaoandika kila mara, utajua mada zipi zilishachokwa. Afu hakikisha kwako kuna angalau posti tano sita nzuri, manake mgeni akimaliza kusoma ile iliyomleta anageuza shingo aone nyumba ina nini kingine, akikuta ukumbi mtupu anaondoka.

Andika kitu kipya kwa ajili ya mada. Watu wanalikwepa hili, mtu anachukua posti ya mwaka jana iliyokaribiana na mada anaituma, na inaonekana tu. Mada ikiwa chakula ulichopikiwa ukiumwa usilete maelezo ya uji wa lishe kwa ujumla, lete ule uji wa mchele wenye pilipili manga aliokuletea bibi yako siku ya tatu ya malaria, kwenye bakuli gani, na nani alikushikia kichwa. Aya ya kwanza isimame yenyewe kwa sababu anayekuja hakujui, hajui "kama nilivyosema juzi" ni juzi ipi. Linki ya tangazo la mwenyeji iweke juujuu, ndani ya aya mbili za mwanzo. Chini kabisa weka posti zako nyingine mbili tu za kusoma, sio kumi, na njia moja ya kukufuata, aidha imeli au chaneli ya WhatsApp, chagua. Picha punguza kabla ya kupandisha, msomaji wetu anasoma kwa simu na kwa bando la siku, picha moja ya MB 4 ni hela yake, na ukiishusha mpaka chini ya KB 200 kwenye skrini ya simu hata hataona tofauti.

Kutuma nako kuna namna yake. Usitume linki kavu. Mwenyeji ana kazi ya mchana, ana watoto, na ana linki kumi na tano. Mwandikie jina lako unavyotaka lisomeke, mji uliopo kama huoni shida utajwe, na sentensi mbili za posti yako inahusu nini, na umtumie siku tatu kabla ya dedilaini. Wenyeji wanawakumbuka sana watu wa namna hii.

Siku toleo linapotoka

Hapa ndo wengi wanapoharibu, na kwangu hapa ndo penyewe. Toleo linatoka, mtu anatafuta jina lake, analiona, anapiga skrini shoti, anashea, basi. Kesho anakuja kulalamika kanivali imemletea watu sitini tu. Hao sitini ni kweli, mara nyingi ni hivyo, siku ya kwanza grafu inapanda na siku ya nne imelala tena. Wasomaji wa kukaa hawatoki kwenye ile siku, wanatoka kwenye unachokifanya baada yake na wale wenzako kumi na nne waliomo ndani.

Tenga jioni nzima usome zote. Zote, hata ya yule anayeandika vibaya. Afu acha komenti kwenye tano au sita ambazo una kitu cha kusema, na komenti iwe na nyama. "Nzuri sana dada, hongera" si mbaya, ila haimpi mwenzako cha kujibu. Nikupe mfano wangu. Mara yangu ya pili kushiriki mada ilikuwa mikate ya nyumbani, mi nikaandika mkate wa kumimina, ule wa mchele wa kuloweka, tui, hamira, sukari na iliki. Mwenzangu wa Mombasa akaandika mkate wa sinia. Nikasoma nikaona huyu ni ndugu yangu kabisa, mkate uleule jina tu limebadilika, nikamuuliza mchele anauloweka saa ngapi na ute wa yai anautia wakati gani, kwa sababu wangu ulikuwa unatoka mzito katikati. Alinijibu kirefu, mambo ya kuacha hamira iumuke kwanza ndo utie ute mwishoni, wasomaji wake nao wakaingia kati, mmoja anasema kwao Malindi wanafanya hivi, mwingine anabisha. Wiki iliyofuata nikapika kwa njia yake, nikaandika posti ya pili nikiweka picha ya mkate wangu wa zamani na huu mpya, na linki yake juu. Yeye akaandika ya tatu. Hapo kanivali ilishakwisha siku nyingi. Leo wasomaji wangu wa Mombasa na Malindi karibu wote walipitia kwake, na yeye mwenyewe alishakuja Tanga na wanawe tukapika jiko moja.

Kwa hiyo ukitaka utaratibu: komenti yenye swali la kweli, kisha jibu kila anayekujibu, kisha posti moja ya kufuatia ndani ya wiki mbili inayochukua kitu ulichojifunza kwa mmoja wao na kumtaja kwa jina. Hiyo posti ya kufuatia ndo wengi hawaifanyi na ndo inayofungua mlango, kwa sababu msomaji anayeletwa kwako na mwandishi anayempenda anakuja ameshakuamini nusu, tofauti na yule aliyedondoka kutoka kwenye linki ya grupu.

Na mahusiano haya yanazaa vitu vikubwa kuliko wingi wa wasomaji. Januari 2008 Kenya ikiwa inaungua baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit aliposti wazo la kuweka matukio ya vurugu kwenye ramani, akaomba watu wa kompyuta wajitokeze. Waliojitokeza ni pamoja na Erik Hersman wa White African, Juliana Rotich wa Afromusing na David Kobia aliyekuwa na jukwaa la mtandaoni la Mashada, watu waliokuwa kwenye ulimwengu uleule wa mabloga na wavuti za Kenya, na ndani ya siku chache ramani hiyo, Ushahidi, ikawa hewani. Mtu humpati kwa siku mbili kwenye jambo kama hilo kama hamkuwa mkisomana kabla.

Ukiwa mwenyeji

Mwenyeji ndo anafaidi kuliko wote, kwa sababu kila aliyeshiriki atawatuma watu wake kwako. Ila uenyeji ni kazi na mi wa kwanza niliuharibu. Nilikuwa na linki kumi na moja, usiku umekwenda, nikazibandika moja chini ya nyingine, kila moja na kichwa chake, nikaongeza "soma hapa". Asubuhi dada mmoja wa Bukavu akaniandikia ujumbe mfupi, bila hasira: "Dada, ulisomaka ile kitu niliandika?" Sikuwa nimesoma. Alikuwa ameandika jinsi mama yake alivyokuwa akipika kwa ajili ya wageni wakati wa vita, na mimi nilikuwa nimeiita "mapishi kutoka Kongo". Nikamwomba radhi, nikakaa nikasoma zote kumi na moja, nikaandika toleo upya na kuwaambia wote. Alinisamehe, na ndo mtu niliyejifunza kwake mengi kuliko mwingine yeyote kwenye kundi letu.

Anza na mada. Iwe nyembamba lakini kila mtu awe na pa kuingilia. "Chakula" ni pana mno, watu wataleta chochote na toleo halitashikana. "Pweza wa kukaanga" ni nyembamba mno, wa Dodoma na wa Goma wataishia kutazama. Iliyotufaa kuliko zote ilikuwa mboga ya majani uliyokulia. Wakaja watu na mlenda, mchunga, sukuma wiki, mimi kisamvu cha nazi, dada wa Bukavu akaleta sombe, ambayo ni majani yaleyale ya muhogo ila kwake yanaingia mawese, na mama mmoja wa Muscat ambaye kwao ni Unguja akaandika anavyohangaika kuyapata kule. Mtu alikuwa akijua mboga moja akakuta ina majina mawili na sufuria tatu. Mpaka leo lile toleo linaletewa watu na Google, wengine wametafuta kisamvu wengine wametafuta sombe, wote wanakutana pale.

Ratiba iibe kwa T-SQL Tuesday, wao wanafanya rahisi sana, Jumanne ya kwanza ya mwezi mwenyeji anatangaza mada, Jumanne ya pili kila mtu anaposti, kisha mwenyeji anakusanya. Sisi tumejipa wiki mbili za kuandika kwa sababu wiki moja kwetu ni chache, ila siku haibadiliki mwezi hadi mwezi, na hilo ni muhimu kuliko wingi wa siku. Kumbusha mara mbili, wiki moja kabla na siku mbili kabla, na ujumbe wa pili mtumie mtu mmojammoja sio kwenye grupu.

Linki zikifika, kwa kila posti andika kwenye karatasi kitu kimoja kilichokushtua. Kimoja tu. Hicho ndo utakachoandika kwenye toleo, kwa sentensi tatu hivi, bila kusimulia posti nzima maana ukiimaliza wewe nani atabofya. Zipange kama watu waliokaa barazani wanaongea na sio kwa jinsi zilivyofika, wawili wanaobishana waweke jirani, aliyejibu swali la mwingine amfuate. Mgeni asiyejulikana mpandishe juu, wale wenye majina watu watawatafuta hata wakiwa chini. Majina angalia herufi kwa herufi. Bofya kila linki kwa simu, sio kwa kompyuta, kabla ya kuachia. Na ukishaachia mwandikie kila mshiriki peke yake, umpe linki na umwambie ni wapi hasa ametajwa.

Kukataa posti inaruhusiwa, sema mapema kwenye tangazo. Mi nakataa za mikopo na kubeti zilizovaa nguo ya mapishi, na zilizonakiliwa. Kunakili kunagundulika kirahisi, chukua sentensi moja ndefu ya katikati, ifunge kwa alama za kunukuu, itafute Google. Za kuchelewa zipokee kwa siku mbili uziongeze chini, baada ya hapo mwambie mwenzako asubiri mwezi ujao, na usione haya.

Kuanzisha yenu

Unahitaji watu sita mpaka nane wanaoandika tayari, sio wanaosema wataanza kuandika. Kabla hamjatangaza popote pangeni wenyeji wa miezi sita ya mwanzo kwa majina, kwa sababu kanivali nyingi zinakufa mwezi wa tatu pale ambapo hakuna anayejua zamu ni ya nani. Awepo mratibu mmoja, kazi yake ni kumpigia mwenyeji wiki moja kabla na kupokea zamu yeye mwenyewe mwenyeji akiumwa au akifiwa, haya yanatokea. Muwe na ukurasa mmoja wa kudumu wenye orodha ya matoleo yote na wenyeji wanaokuja, blogu ya mratibu inatosha, na grupu la WhatsApp liwe la kupanga tu. Mazungumzo ya mada yabaki kwenye komenti za blogu, vinginevyo utamu wote unaliwa grupuni na msomaji wa nje haoni kitu.

Kwenye lugha nina msimamo mmoja ambao sibadilishi: hakuna kumsahihisha mtu Kiswahili chake. Wa Lubumbashi anaandika kama Lubumbashi, wa Bujumbura kama Bujumbura, wa Mombasa aseme mbatata na sisi tuseme viazi. Mwenyeji akiona neno ambalo wengine hawatalielewa analieleza kwa upole kwenye toleo, basi. Tulimpoteza mwandishi mzuri sana kwa sababu ya mtu mmoja kumrekebishia ngeli mbele za watu.

Kwa walioko Tanzania jambo moja la kuangalia ni kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwaka 2018 leseni ya blogu ilifika zaidi ya shilingi milioni mbili na wengi wakafunga, na kanuni zimefanyiwa marekebisho tangu hapo, kwa hiyo soma za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, zinazotumika sasa kabla hujajitangaza.

Kuhusu kupima, acha kuhesabu kliki za siku ya toleo. Mi nina daftari, kila mwisho wa mwezi naandika majina ya watu waliokomenti ambao siwafahamu nje ya blogu, na napiga mstari chini ya yule aliyerudi mara ya pili. Pia naandika waandishi waliotaja posti yangu bila kuombwa. Mwezi wa kwanza nilipiga mistari miwili.

Ujumbe wa kuwaita watu wa mwanzo mtumie kila mtu wake, na umwonyeshe kwamba umemsoma. Nilioandika mimi ulikuwa hivi, uchukue ubadilishe:

"Shikamoo dada. Nimesoma ile yako ya samaki wa kupaka, pale uliposema mkaa uwe umeshashika majivu, nikajaribu na nimefanikiwa. Tuko watano tunataka kila mwezi tuandike mada moja, kila mtu kwake, na mmoja wetu anakusanya na kututambulisha wote. Mwezi wa kwanza nakusanya mimi, mada ni mboga ya majani uliyokulia, mwisho ni tarehe 20. Hakuna hela inayotolewa wala kuingia. Ukipenda nikuweke mwenyeji wa mwezi wa nne, na ukiwa na shughuli nyingi andika tu, hatutakulazimisha zamu."